Aliyelala Makadara Akaamka Ndia Kuu

Asubuhi ile niliondoka Kibarani bila kumuaga mtu, kwa sababu sikujua ningesema naenda wapi. Shangazi yangu, niliyekuwa nikilala barazani kwake, alikuwa ameanza kuniuliza kila kukicha naondoka lini, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Nikafunga shuka na shati langu la pili, nikakitupa kifurushi begani, nikashika njia ya Makupa.

Nilikuwa kijana niliyeacha skuli kabla skuli haijachoka nami. Vita vikubwa vilikuwa bado havijaisha. Sukari mjini ilikuwa ya mgao, meli za abiria za kwenda Bara Hindi zilikuwa haba, lakini kazi za kubeba zilikuwa tele. Kila nilipofika njia panda niliiachia miguu ichague, na siku ile ilichagua Makadara.

Mbele ya nyumba moja ya ghorofa palisimama mkokoteni uliopakiwa nusu, na hamali mmoja aliyekuwa akimtukana mwenzake asiyekuwepo.

"We yakhe, una mikono?" akaniuliza.

"Ninayo miwili."

"Mwenzangu leo hana hata mmoja. Shika huku."

Ndivyo nilivyopata kazi. Wenye mizigo walikuwa Mabaniani, kama tulivyowaita Wahindi wasiokuwa Waislamu. Walikuwa watatu: bwana mwembamba mwenye duka la nguo Ndia Kuu, mkewe, na kaka mkubwa wa yule bwana, mgane mnene ambaye shughuli yake siku ile ilikuwa kukalia sanduku tulilotaka kulibeba. Ghorofa ya juu ya duka ilikuwa imepata nafasi, kwa hivyo walikuwa wakihamia Mji wa Kale.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba yule mama hakusema na shemeji yake. Sikudhani wamegombana, kwani alimpikia, alimwekea maji, alijifunika kichwa kila alipopita mbele yake. Kwao mke hamkabili kaka mkubwa wa mumewe wala hamsemeshi, kwa heshima. Lakini heshima hiyo haikumzuia kuwa na mengi ya kumwambia, na mimi nilipofika akaona nimeletwa kwa kazi hiyo.

"Mwambie huyo," aliniambia, naye shemeji yuko hatua mbili tu kutoka kwetu, "sanduku alilokalia lina sahani."

Nikageuka. "Bwana, sanduku ulilokalia lina sahani."

"Nimesikia," akanijibu mimi. "Mwambie mimi nazilinda."

Jambo la pili nililoligundua ni kwamba mle ndani mna mtoto mchanga. Sikumwona, lakini nilivibeba vitu vyake: godoro lisilozidi mto wa kichwa, bembea ndogo ya mbao iliyonakshiwa, nguo za hariri ambazo hata paka zingembana, na upepeo mdogo wa nyuzi za dhahabu. Mama alituonya tusiburure vitu. Alisema, "Mdogo ana usingizi mwepesi." Nikaanza kutembea kwa vidole, na hamali akanicheka mpaka nikampiga kiwiko.

Mpango wa mama ulikuwa kwamba mdogo ale chakula cha adhuhuri katika nyumba mpya. Mpango huo ulikufa karibu na Ngome, pale gurudumu la mkokoteni lilipovunjika na sufuria karibu zote zikiwa juu. Mpaka tukalifunga gurudumu kwa kamba, tukasukuma mzigo hadi Ndia Kuu, tukarudi Makadara, jua lilikuwa utosini. Mama, alipoona tumechelewa, alikuwa amepika kwa sufuria moja iliyosalia, akamlisha mdogo palepale, akamlaza.

Mlangoni tukawakuta wapangaji wapya. Walikuwa Wahindi wa Kiislamu, mkokoteni wao umejaa hadi juu, na bikizee wao ameketi juani kwenye bunda la magodoro. Mwanawe, mtu wa miraba minne, alikuwa ameinua ngumi agonge mlango.

"Bwana, taratibu," nikamwambia. "Kuna mtoto amelala."

Ngumi ikabaki juu. Bikizee akamtupia jicho mwanawe.

"Shusha mkono. Umesikia kuna mtoto amelala?"

"Mama, tumelipa kodi kuanzia leo."

"Mtoto anajua kodi? Kaa chini."

Akakaa, mwanamume mzima, juu ya gogo lililokuwa kando ya mlango. Nami nikapanda ngazi nikijiona nimefanya la maana.

Juu nikakuta ugomvi wa kunong'ona. Bwana alikuwa amesimama mbele ya pazia jekundu, mama amesimama baina yake na hilo pazia. Kaka mkubwa alikuwa bado juu ya sanduku, akimenya njugu. Walianza kwa Kigujarati, lakini waliponiona wakahamia Kiswahili, kwa kuwa ugomvi ni mzuri zaidi ukiwa na shahidi.

"Mwambie bwana huyu," mama akaniambia, ingawa kwa mumewe hakuhitaji mjumbe, "kwamba hakuna mtu atakayemwamsha mdogo kabla ya alasiri."

"Na funguo tutazikabidhi lini?" bwana akauliza. "Watu wanaungua jua huko chini!"

Nikaona nisaidie. "Mama, mdogo ana umri gani?"

Bwana akacheka kidogo kwa pua. "Haya, mjibu. Ana umri gani?"

"Hana umri," mama akasema.

Akalisogeza pazia kwa upana wa kiganja. Nikachungulia. Kulikuwa na kitanda kidogo chenye chandarua, na ndani yake, juu ya mto, kitoto cha shaba kisichozidi ngumi yangu, kinatambaa, kimeshika tonge la siagi, kimefunikwa shuka hadi kiunoni.

"Nani huyu?" nikanong'ona. Mpaka leo sijui kwa nini nilinong'ona.

"Mungu," akasema mama, naye kwa kunong'ona.

Chuoni, tulikosomeshwa Kurani, nilifundishwa, na kwa hilo nililambwa bakora nilipokosea, kwamba Mungu hasinzii wala halali. Lakini nyanya yangu wa upande wa mama, huko bara, alikuwa akiwamwagia tembo la mnazi koma, yaani wazee waliokufa, na kabla hajamwaga aliwauliza kama wameamka. Kwa hivyo sikushtuka sana. Nilichotaka ni kujua. Udhia wangu tangu utotoni ni huo: kitu kikinipita bila kukiuliza, silali.

"Bwana," nikamgeukia mume, "nawe wasemaje?"

Hapo nikawa nimefungua bomba.

"Mungu hana mwili," akasema bwana, kidole juu. "Hana mama, hazaliwi, halishwi siagi. Vitabu vyetu vya kale vimesema hivyo. Tunawasha moto, tunasoma maneno, basi. Hii ni shaba. Niliinunua mwenyewe, najua bei yake. Yeye yuko kila mahali, na kitu kilichoko kila mahali hakihamishwi wala hakichelewi mkokoteni."

Nikaona amemaliza maneno. Nikamtazama mama.

"Kama yuko kila mahali," mama akasema, "basi na humu kitandani yumo. Nami nazungumzia humu kitandani."

Bwana akaielekea ngazi, akarudi.

"Huyo wako mkubwa asiye na mwili," mama akaendelea, "mimi nitampa nini? Jua ni lake, bahari ni yake. Ndiyo maana akajifanya mdogo, ili awe na haja na mtu. Mwanangu wa kwanza yuko Bara Hindi na meli haziendi. Wa pili yuko hukohuko. Barua zikija zimeshakatwa-katwa na wakaguzi. Huyu hakupanda meli. Huyu namwogesha, namlisha, namlaza, namwamsha. Leo mnaniambia nimkurupue usingizini kama askari kwa sababu gurudumu limevunjika?"

Sauti yake haikupanda, lakini kidole chake kilikuwa kimeshika ncha ya pazia kama mtu anayeshika mkono wa mtoto sokoni. Nikajua hakuna mchezo. Mwanamke huyu angeweza kuketi pale mpaka alasiri na polisi waitwe. Na mumewe, kwa maneno yake yote kuhusu bei ya shaba, hakuwa amelivuka lile pazia.

Kaka mkubwa akakung'uta maganda ya njugu.

"Wote wawili wanasema Mungu yuko kule nasi tuko huku," akaniambia. "Hakuna kule na huku. Kuna Kimoja tu. Shaba ni hicho, moto ni hicho, wewe ndicho, gurudumu lililovunjika ndicho. Sisi twaona vingi kwa sababu ya macho yetu."

Kutoka kwenye ngazi ikaja sauti ya hamali: "Basi huyo Mmoja ashike upande wa pili wa kabati!"

"Mwambie," mama akaniambia, ushungi umeshuka hadi machoni, "kama vyote ni kimoja, leo chakula chake cha mchana nitampa gurudumu."

Nikageuka. "Bwana, chakula chako cha mchana..."

"Nimesikia. Mwambie njaa pia ni maono tu." Akafikiri. "Lakini asijaribu."

Mama akachungulia dirishani. Akamwona bikizee juani. Uso wake ukabadilika.

"Yule mama mzee mbona yuko juani? Kamwambie aingie, akae kivulini, anywe maji."

Nikashuka. Bikizee akakataa katakata.

"Niingie nimwamshe mtoto wa watu? Miguu yangu mizito. Nitakaa hapahapa."

Nikapanda. Nikampa mama majibu. Akaketi chini, taratibu, mgongo kwenye ukuta karibu na pazia. Sasa alikuwa amekamatwa pande mbili: akimwamsha mdogo amemtesa mdogo, asipomwamsha amemtesa bikizee, na bikizee mwenyewe anateseka kwa kumhurumia mdogo. Bwana akavua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi. Hata kaka mkubwa aliacha njugu.

Ndipo sauti ya bikizee ikapanda kutoka barabarani, ile sauti ya wazee wanaodhani wananong'ona:

"Enyi wa juu! Mbona mwataabika? Mtoto aliyelala habebwi? Mimi wangu wote wanne niliwahamisha wamelala. Walala huku, waamka kule, hawana habari! Mbebeni na kitanda chake!"

Mama akainua kichwa. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Na kitanda chake," mama akarudia.

Kukawa na swali la nani atabeba. Mimi na hamali hatukuruhusiwa kukigusa kitanda, na mama alilisema hilo bila kunivunjia heshima: hata majirani wa dini yake hawakukigusa bila kuoga kwanza. Yeye alitaka kushika mwavuli, maana jua lingempiga mdogo usoni. Wakabaki ndugu wawili. Kaka mkubwa akaanza kueleza kwamba abebaye na kibebwacho ni kitu kimoja, na mama akaniambia nimwambie kwamba, ikiwa hivyo, hatasikia uzito. Kaka mkubwa akainuka kwenye sanduku kwa mara ya kwanza siku ile, akaenda kuoga. Bwana naye akaenda kuoga bila kuambiwa.

Tukashuka. Kitanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe juu ya chandarua, ndugu mmoja mbele, mwingine nyuma, mama ubavuni na mwavuli mweusi. Bikizee alikuwa amesimama kwa fimbo yake. Akanyoosha shingo, akaona kitambaa tu.

"Mashallah. Kadogo! Mungu amkuze."

Bwana akapaliwa na mate yake. Kaka mkubwa, ambaye hakuweza kuacha jambo lisemwe nusu, akamjibu kwa upole:

"Huyu hakui wala hapungui, mama."

"Maskini!" bikizee akashika kifua. "Ana maradhi gani?"

Mama wa nyumba akamshika mkono bikizee, akaziweka funguo kiganjani mwake, akamwambia maji yako kwenye mtungi jikoni na ni masafi. Halafu akanigeukia. "Wewe tangulia. Nyamazisha njia."

Sijawahi kupewa kazi nzuri kama ile. Nikaondoka Makadara miguu mitupu, kifurushi begani, mkono mmoja juu. Muuza maji akanyamazisha debe lake. Mwenye baiskeli akashuka akaikokota. Fundi wa sufuria nikamwomba kwa ishara, akabaki na nyundo hewani mpaka tukapita. Hamali nyuma yetu akausukuma mkokoteni polepole hata kamba za gurudumu hazikulia.

Lakini tulipoingia Ndia Kuu nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Wanaume waliokuwa wameketi barazani wakaanza kusimama. Mmoja akavua kofia, wa pili akafuata, kisha wote. Nikageuka nikatazama tulivyo: kitu kidogo kilicholala, kitambaa cheupe juu, wanaume wawili wamekibeba kimya, mwanamke analengwalengwa na machozi, na mimi mbele mkono juu. Yeyote aliyekulia Mombasa angeona jeneza la mtoto.

Na watu wa Mombasa hawaachi jeneza lipite peke yake. Wakashuka barazani wakatufuata. Mwenye duka la viungo akafunga mlango nusu. Muuza kahawa akaweka chini dele lake, birika la kahawa, akavishika vikombe vyake visigongane, akanikaribia pembeni.

"Nani amekufa?"

"Hajafa. Amelala."

"Ndiyo, ndiyo." Akanishika bega. "Sote tutalala hivyo."

"La, huyu ataamka alasiri."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mfiwa ambaye bado hajakubali. Nyuma yake watu walikuwa wameshakuwa umati. Mwanamume mmoja akamsogelea bwana apokee kitanda, kama ilivyo desturi, kila mtu akitaka apate fungu lake la kubeba.

"Hapana, ahsante, ndugu," bwana akasema, akikumbatia miguu ya kitanda. "Mtamtikisa."

Nikamsikia vizuri sana. Hata mama alimsikia, maana mwavuli ulitikisika. Na nikamwona anavyotembea: kaka mkubwa alikuwa anatembea kama mtu anayebeba kitanda, lakini bwana, aliyejua bei ya shaba, alikuwa anaweka kila unyayo kama anayekanyaga mayai.

Muuza kahawa akashindwa kuvumilia. "Niambie kweli, yakhe. Ni nani?"

Nikamwambia kweli, sikioni, yote, na kitonge cha siagi nikakitia. Akasimama. Akatazama kitanda, akatazama umati uliovua kofia, akatazama kofia yake mwenyewe mkononi.

"Astaghafirullah," akasema. "Umenivua kofia bure."

Akaivaa. Nikadhani atarudi kwenye dele lake, atupigie makelele. Akasonga hatua chache, akageuka kwa watu waliokuwa nyuma, akaweka kidole mdomoni. "Nyamazeni! Kuna mtoto amelala." Halafu akaniambia mimi, kwa hasira ya kunong'ona, "Kama hasinzii, hakuna tulichopoteza. Na kama amelala, mimi sitaki kuwa niliyemwamsha."

Umati haukuelewa, lakini ulitusindikiza hadi mlango wa duka, ukasubiri kuona maziko, usipoyaona ukatawanyika kwa maulizo.

Juu ya duka kulikuwa na chumba cheupe chenye dirisha la kutazama uchochoro. Mama akapokea kitanda na kukiweka, akafunga pazia jekundu lilelile, akaketi nje yake. Tukangoja. Kaka mkubwa alipata chakula chake cha mchana, si gurudumu. Mimi na hamali tukapanga masanduku bila kugonga hata moja. Adhana ya alasiri ilipokwisha, mama aliinuka, akaosha mikono, akapiga kengele ndogo ambayo sauti yake haikuzidi ya kikombe, akaingia ndani ya pazia.

Bwana alikuwa amesimama kwenye ngazi, hana viatu, anajifanya anakagua kizingiti.

Mama akachelewa. Nami nilishtuka kujikuta nimesogea karibu na pazia. Akatoka.

"Ameamka?" bwana akauliza.

Mama alilifunga pazia kwanza.

"Ameamka," akasema. "Njiani hakuamka hata kidogo. Mto uko vilevile."

"Shaba haiamki," bwana akasema, akashuka ngazi haraka kwenda kutafuta viatu vyake. Lakini nilimwona, alikuwa anatabasamu.

Mama akatuletea sahani ya vitamu vya maziwa na sukari. Mdogo alikuwa amekwisha kula, akasema, hiki ndicho alichotubakizia. Nikatazama: hakikupungua kitu. Nikampenda mgeni wa namna hiyo. Wakati ule nilikuwa sijaonja sukari muda mrefu hata nilikuwa nimesahau inauma meno. Nikauliza mlo wa mdogo hukatwaje kwenye mgao wa nyumba, bwana akanijibu kutoka chini, "Kwenye fungu langu."

Jua likaanza kuteremka, hamali akachukua ujira wake na mkokoteni wake wa kamba. Nikafunga kifurushi. Mama akaniuliza nalala wapi. Nikasema sijui, na alinielewa kuwa nasema kweli. Akatazama dirisha la uchochoroni. Chini, yule muuza kahawa alikuwa amerudi na vikombe vyake, na mtu mwingine alikuwa akinadi ndizi kwa sauti ya kuvunja kuta.

"Kila adhuhuri itakuwa hivi," mama akasema. "Nataka mtu wa kukaa mlangoni saa za usingizi na kusema na watu vizuri, kama ulivyosema nao leo. Chini ya ngazi kuna chumba cha magunia. Kina mlango, na ufunguo upo."

Nikashuka kukitazama. Kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kulala akijikunja magoti, kinanuka kitambaa kipya cha marikani, na ukuta wake mmoja ulikuwa wa matumbawe uliobaki na baridi. Nikatandika shuka juu ya magunia. Nilipopanda kushukuru, mama alikuwa na swali moja la mwisho, na niliona kwamba kwake ndilo kubwa kuliko yote.

"Unakoroma?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuwepo nikiwa nimelala."

Kaka mkubwa, aliyekwisha kulipata sanduku lake na kulikalia, akacheka. "Akikoroma yeye, ni Yuleyule anayekoroma. Hakuna mwingine."

Mama akashusha ushungi wake.

"Mwambie huyo," akaniambia, "Yuleyule akikoroma, atalala nje."